Saini Iliyonyooshwa kwa Sindano

Mimi mdomo wangu hauna breki, na katika kazi hii hilo ni tatizo. Nina duka la jezi hapa mtaa wa Soweto, Moshi. Nilianza kwa kuchapa majina na namba mgongoni, halafu watu wakaanza kuniletea jezi na mipira iliyosainiwa na wachezaji, wakitaka kujua kama saini ni ya kweli na kitu kina thamani gani. Kwenye simu yangu picha za saini ni nyingi kuliko za ndugu zangu. Wateja wengi hutoka wamenuna, maana feki zimejaa, na mimi sijui kupaka maneno asali.

Desemba moja, watu wameshaanza kurudi nyumbani kwa Krismasi, aliingia mama mmoja kutoka Marangu, ameshika mfuko wa kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua saini."

Akatoa jezi, akaitandaza kwenye kaunta, akaanza kunieleza taratibu. Marehemu mume wake alikuwa mpagazi mlimani. Safari moja alimbebea mizigo mchezaji maarufu wa mpira kutoka Ulaya, na waliposhuka hadi geti la hifadhi mchezaji yule akavua jezi yake, akaisaini, akampa. Nyumbani hakuna aliyeamini. Mdogo wa marehemu, anayeishi Arusha, kila Krismasi alisubiri ukoo ujae na pombe ya mbege iwe imezunguka, ndipo aseme, "Kaka, hebu tuletee ile jezi uliyojisainia!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mzee naye alikuwa anacheka, lakini siku hiyo chakula kilikuwa hakimshuki. Alizikwa na jina hilo la muongo.

"Sasa unataka nikwambie bei yake?" nikauliza.

"Bei ya nini? Nataka kujua kama mume wangu alikuwa muongo. Shemeji anakuja Krismasi."

Nikaivuta jezi karibu na taa. Saini ilikuwa imedariziwa kwa uzi mweusi mnene, nadhifu kabisa, kila herufi imesimama wima kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Saini ya mchezaji yule naijua. Ni mkwaruzo tu: herufi ya kwanza kubwa imelala ubavu, zinazofuata zimemezana.

"Pole, mama. Hii siyo yake. Kwanza, nani anasaini kwa uzi?"

"Uzi ni wangu," akasema. "Mzee aliitundika ukutani, jua la dirishani likawa linaila. Alipofariki nikaona wino unapotea, nikadarizi juu yake."

"Mbona imenyooka hivi?"

"Aa, si ilikuwa imelala ovyo! Mtu mkubwa vile aonekane hajui kuandika? Nikamnyooshea. Wino uliobaki nje ya uzi nikausugua kwa limau."

Yesu na Maria! Nilishika kichwa. "Limau, mama? Limau?" Wanawake wa kwetu tukishika sindano hatuwezi kuacha kitu kimepinda. Makochi yetu yana vitambaa, meza ina kitambaa, mpaka redio ina kitambaa chake. Lakini hakuna mkusanyaji atakayenunua saini iliyonyooshwa, nami nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu.

Akaanza kuikunja jezi. "Basi nimemharibia mwenyewe," akasema chini chini.

Roho iliniuma, nikauchukia huu mdomo wangu. Nikamwambia asubiri. Uzi wa herufi ya kwanza ulikuwa umejazwa mpana kama kiraka, huenda umefunika wino wote wa zamani, jua na limau visiufikie. Nikamwomba ruhusa nifumue herufi ya kwanza tu. Akaupapasa uzi kwa kidole. Uzi ule ndio uliomshikilia siku za mwanzo za ujane, na mimi namwambia niukate. Mwishowe akavuta kiti akakaa. "Fumua. Ila polepole."

Nikakata kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja. Chini yake wino ulikuwepo, mweusi bado. Herufi kubwa imelala ubavu, na mkia wake umekwenda kasi mpaka wino umekatikakatika. Anayeiga saini huandika polepole, kwa woga, na kwenye kitambaa wino hujaa na kutambaa kila anaposita. Mkono huu haukusita popote. Nikaweka simu pembeni na picha ya saini ambayo nina hakika nayo, nikalinganisha tena na tena, kwa sababu nilitaka sana iwe yake, na ukitaka kitu sana macho hudanganya. Ilikuwa yake.

"Mama, mzee alisema kweli."

"Aika," akasema, yaani asante. Sijui alikuwa ananiambia mimi au Mungu.

Nikamweleza kwamba nikifumua yote, na wino ukiwepo, mkusanyaji anaweza kutoa hela nzuri, ingawa si kama jezi ambayo haikuguswa. Akatikisa kichwa. "Hiyo herufi moja iache wazi, shemeji aione. Zilizobaki ni zangu. Na Krismasi uje umweleze wewe. Mimi ataniambia namtetea kwa mapenzi tu."

Nilikwenda. Nyumba ilikuwa imejaa, na shemeji akanipokea kwa utani: "Ndiye huyu daktari wa jezi?" Nikampa jezi na simu yenye ile picha. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Haiwezi kuwa imeigwa?"

Nikamweleza habari za wino na mkono usiosita. Akainuka, akatoka nje. Mtu mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Nilidhani tumemuudhi.

Kumbe alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akakata jani la isale. Kwetu hilo ndilo jani unalompelekea uliyemkosea kumwomba msamaha, na akipelekewa hakatai. Akalipiga fundo, akaenda kwenye kaburi la kaka yake kule kwenye migomba, akapiga magoti topeni na suti yake ya Krismasi, akaliweka jani juu ya kaburi.

"Kaka, ulisema kweli," tukamwona na kumsikia kutoka dirishani. "Nimekosa."

Mama yule, ambaye dukani hakutoa hata chozi, alilia mbele ya ukoo mzima. Kisha akajifuta kwa kanga, akaenda kaburini, akaliokota lile jani.

"Amepokea," akasema. "Mimi ndiye mke wake, namjua. Haya inuka, shemeji, mtori unapoa."