Chai ya Kisima Changu

Nyumba yangu ya Moshono nimeijenga kwa jasho langu. Sikurithi hata panga. Nilirudi kutoka ugenini na diploma ya ufundi wa maji na gari la kuchimbia visima, na kisima cha kwanza kuchimba hapa nyumbani ni hiki cha uani kwangu, kirefu kuliko vyote mtaani. Diploma iko sebuleni, kwenye fremu nzuri kuliko ya picha ya harusi, na sioni aibu kusema hivyo.

Lakini chumba cha mama ni kitupu.

Dirisha lake nililielekeza Meru, asiukose mlima wake. Mama anaishi peke yake huko juu ya Kikatiti, kwenye kahawa na migomba, na magoti yamechoka na mteremko. Kila nikimsihi ahamie kwangu hujibu, "Sihamii mahali ambapo sijaonja chai."

Kiangazi alikuja akaonja. Chai ya rangi, majani mengi, kama anavyoipenda. Akasogeza kikombe kiongezwe. "Maji yako matamu. Masika yakiisha, nikishapalilia, njoo unichukue." Kitanda nilikinunua wiki hiyohiyo.

Kiangazi kile pampu za mtaa hazikulala. Bustani za nyanya, maboza ya maji, wote tulivuta, na maji chini yakashuka sana. Masika yalipoanza matangi yakajaa maji ya mvua ya mabatini, pampu zikazimwa. Huku kwetu wanasema kisima ni kama ng'ombe mwenye mimba: acha kumkamua, maziwa yatarudi. Niliwaeleza majirani, maana hii ndiyo kazi yangu: maji yakishuka, hewa huingia kwenye mchanga na mwamba ambao haujawahi kukauka, na madini yaliyolala humo huanza kubadilika. Maji yakipanda tena huyayeyusha na kuyabeba. Kisima kinaweza kujaa na bado kisiwe kimepona.

"Injinia, ng'ombe hasomei diploma," jirani yangu alinijibu, wote wakacheka.

Masika yalipokwisha nikamleta mama na begi lake. Nilivuta maji kwenye glasi, nikamwinulia dirishani. Meupe kama machozi! Jirani alikuwepo, nami nilitaka aone. Kisha mke wangu akaandaa chai.

Ilikuwa nyeusi. Si rangi ya majani; nyeusi ya masizi, na juu utando unaong'aa. Chuma, madini yaleyale ya mwambani, kilikuwa kimejificha ndani ya yale maji meupe, majani ya chai yakakifichua.

Mama alionja kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, umenipikia chai au umechemsha jembe?"

"Lete kalamu, injinia," jirani akadakia, "tupate wino wa mwaka mzima."

Mama hakucheka naye. Alinishika mkono, akasema, "Nirudishe. Maji yako yakipona nitakuja." Begi lake halikufunguliwa.

Sasa nimejenga chujio, hakuna lingine kama lile Moshono. Maji yanaanguka kama manyunyu kutoka bomba lenye matundu, yapate hewa, chuma kigeuke kutu, kisha yanapita kwenye kokoto na mchanga, na kutu hiyo inabaki humo. Kisima nakivuta kidogokidogo kila siku, hata mvua ikinyesha. Jirani naye ameanza kufanya hivyo, bila kuniambia. Asubuhi napika chai mwenyewe, naipeleka kwenye chumba cha mama na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha lile. Mlima upo. Shuka zimenyooka, hakuna aliyezilalia.

Jana alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chai ina rangi gani leo?"

"Nyekundu, mama. Nzuri."

"Na pembeni ya kikombe?"

Nikageuza kikombe. Ningeweza kumwambia chochote. Magoti yake yangepumzika kesho.

"Pembeni kuna weusi kidogo."

Nikasikia kuku wake.

"Basi nitunzie kitanda," akasema. "Kesho nitauliza tena."