Githinji wa Mkonge Awapata Watu wa Babu Yake Amerika

Jua halijapanda vizuri, na tayari Erastus Githinji ameloa maji ya mkonge mpaka viwikoni. Analisha majani kwenye mashine ya kukamulia nyuzi, katika shamba moja nje ya Thika, na leo anaimba. Kwa miaka kumi na minne wenzake hawajawahi kumsikia akiimba kazini.

"Mwacheni," asema Dismas, mwenzake kutoka Nyanza. "Mtu apate ukoo halafu anyamaze?"

Githinji ana miaka arobaini na mitatu. Mshahara wake ni shilingi themanini na nne kwa mwezi, na kwa miaka mitatu amekuwa akinunua stempu za kupeleka barua Amerika. Majirani walimcheka waziwazi. Mkewe hakucheka, ila alimuuliza stempu huliwa na mboga gani.

Yote hayo ni kwa ajili ya mama yake, Kezia, anayeishi Ruiru na ambaye macho yanazidi kumfifia. Baba yake Kezia alikuwa Mmarekani mweusi, seremala aliyeitwa Amosi Pruitt. Alifika na msafara kutoka pwani kabla ya reli, akaugua, akauguzwa na binti wa Kikuyu, akamwoa. Alifariki Kezia akiwa na miaka sita.

"Nilikua nikiitwa mtoto wa mtu wa njiani," asema Kezia. "Hata siku ya mahari yangu waliuliza, baba yake ni wa ukoo gani? Tukainamisha vichwa. Aibu hiyo sitaki kuzikwa nayo."

Githinji aliandikia kanisa moja la Baltimore, mji ambao Amosi alikuwa akiutaja. Karani akajibu kwamba akina Pruitt huko ni wengi kama siafu. Akauliza, wazazi wa huyo Amosi waliitwaje? Nani angejua? Githinji aliitia barua chini ya godoro, akakata tamaa kabisa.

Basi siku moja, wakila mchana, Dismas akamuuliza Githinji, mama yake alibatizwa lini.

"Mwaka wa 1922. Mimi mwenyewe nilikuwapo."

"Na kabla ya hapo aliitwa nani?"

"Kezia."

"Jina la Biblia, na kanisa bado? Alipewa na nani, bwana?"

Githinji anasema tonge lilimponyoka mkononi. "Haiya! Nilikuwa mjinga wa kutupwa!"

Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, na binti wa kwanza jina la mama ya mume. Kezia ndiye binti wa kwanza wa Amosi. Kaka yake mkubwa, aliyefia vitani akibeba mizigo ya askari, aliitwa Obadia. Yule mgeni alikuwa amefuata desturi ya wakwe zake sawasawa.

"Majina tuliyoyatafuta ng'ambo," asema Githinji akicheka, "tulikuwa tukiyaita kuja kunywa uji kila asubuhi!"

Jioni hiyo hiyo aliandika: Amosi, mwana wa Obadia na Kezia Pruitt. Karani akayasoma majina ibadani, na mama mmoja akaruka kwenye kiti akipiga kelele. Ni mjukuu wa dada yake Amosi. Akanakili na kutuma ukurasa wa Biblia yao ya nyumbani, wanamoandika waliozaliwa na waliokufa: Obadia, Kezia, na watoto wao saba. Sita wameandikiwa siku ya kufa. Mbele ya Amosi hapana kitu.

Jumamosi iliyopita Githinji alipata ruhusa ya kusafiri, akamsomea mama yake barua uani, Ruiru. Waliomcheka walikuja wote. Akina mama wakapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume anapozaliwa, na Githinji akalia bila kujificha.

Sasa anangoja likizo ya Agosti akanunue jiwe la kaburi la babu yake kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugu. Kabla ya hapo lazima ajibu barua, maana jamaa wanauliza wajaze nini kwenye ile nafasi.

Kezia ameshamwambia la kuandika.

"Waambie alizikwa Ruiru, mke wake akimshika mkono. Halafu chini yake waniandike mimi."