Piko Niliyoitia Kwenye Hina ya Bi Tatu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nikiwa mwali wa ndani pale Kilwa Kivinje, nimebakiza siku mbili niolewe, nimekaa mkekani nimenuna kama niliyefiwa. Watu walidhani naogopa mume. Sikuwa naogopa mume hata kidogo. Nilikuwa namwonea wivu Siwema.

Siwema ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Tumelelewa nyumba moja, tumelala kitanda kimoja, tumechezwa unyago siku moja. Yeye aliolewa wiki tatu kabla yangu. Ni maji ya kunde, na hina ilimkaa utafikiri iliota pale pale: imeiva viganjani, maua yamepanda mgongoni mwa mkono mpaka karibu na kiwiko. Harusi yake ilipopita watu hawakuzungumza pilau, hawakuzungumza sanduku la nguo, hata bwana harusi walimsahau. Ilikuwa mikono ya Siwema tu. Sokoni kwenye samaki, mikono ya Siwema. Kisimani, mikono ya Siwema. Mama yangu, aliyenizaa mimi, akawa anatikisa kichwa, "Ile mikono jamani!" Na mimi nipo hapo hapo nachambua mchele.

Mimi ni mweusi, mwanangu, na mikono yangu ilikuwa ya jembe. Mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa kwenye mihogo na mikorosho, Siwema akibaki na bibi kusuka ukili wa mikeka. Hina kwangu inaonekana viganjani na kwenye kucha. Mgongoni mwa mkono inapotea.

Aliyetupaka wote wawili ni Bi Tatu, somo yetu, ndiye aliyetufunda. Kwa hina hakuwa na mfano kuanzia Kivinje mpaka Kilwa Masoko. Alikuwa mjane, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Majani alichuma mwenyewe, akatwanga mwenyewe, akachekecha, akachanganya na ndimu na chai ya rangi iliyopoa, akafunika bakuli. Akipaka hatumii kitu ila chelewa ya mnazi aliyoichonga ncha, na pale anapotaka kulainisha anatumia vidole vyake.

Nikamwambia, "Somo, nataka kama ya Siwema."

"Ya Siwema iko kwa Siwema," akasema. "Wewe nitakujazia viganja na vidole, mgongoni nikuachie wazi. Utapendeza kwa namna yako."

"Watu watasema umenipunja."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Hakukuwa na watu. Nilikuwa mimi tu.

Ikaadhiniwa adhuhuri, Bi Tatu akatoka kwenda kutawadha. Chumba nilichowekwa kilikuwa cha mjomba wangu, kahamishwa kwa ajili ya harusi, na mjomba alikuwa na siri yake: alikuwa anatia piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye ndevu, mji mzima unajua, ila yeye anaamini haijui mtu. Pakiti zake zilikuwa chini ya godoro. Nikachukua moja, nikaimwaga yote kwenye bakuli la hina ili ikolee hata kwenye weusi wangu, nikakoroga, pakiti nikaisukuma chini ya kitanda.

Bi Tatu aliporudi akafunua bakuli, akanusa.

"Mbona harufu imebadilika?"

"Labda ndimu, somo."

Akanitazama kidogo, kisha akaanza kupaka. Na kwa sababu alinionea huruma nilivyonuna, akaniwekea maua mgongoni mwa mkono ambayo hakukusudia kuniwekea. Mawili tu, madogo. Akayalainisha kwa vidole vyake.

Sasa nikatize hapo kidogo, mwanangu, wewe unayesoma huku ukijipangia harusi, maana hili ni la faida. Piko si ya kupaka mwilini. Nasikia siku hizi wanaichanganya makusudi, wanaiita hina nyeusi, na mabibi harusi wanaifuata kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha. Muulize mpakaji ndani ya bakuli mna nini. Akikwepa kujibu, mwache, tafuta mwingine. Na ukipata, jaribu kidogo nyuma ya sikio mwezi mzima kabla, si siku mbili kabla. Mambo yote ya mwilini jaribu mapema: hina, mafuta ya uso, nywele, hata viatu. Bibi harusi anayechechemea siku ya pili atakumbuka viatu tu.

Haya. Usiku ule sikulala, mikono inawasha. Alhamisi asubuhi imevimba, ina malengelenge, maji yanatoka kwenye yale maua mawili. Mama akapiga kelele. Bi Tatu alipoingia, vidole vyake vya mkono wa kulia navyo vimeanza kubabuka. Akaviangalia vidole vyake, akaiangalia mikono yangu. Akainama, akapapasa chini ya kitanda, akatoka na kitu amekifumbata.

Siwema ndiye aliyenihudumia. Alinifunga vitambaa vya maji ya baridi, akanilisha kwa mkono wake kwa sababu mimi siwezi kushika tonge. Mikono ile ile. Kila tonge linakuja kinywani nayaona yale maua. Ningependa nikwambie moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilimeza wali wake kwa hasira.

Alasiri wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi kutoka Kinjumbi, wameleta sanduku, na kama desturi wakataka kumwona mwali. Mkubwa wao alikuwa shangazi ya mume wangu, Bi Mwajuma, mwanamke mrefu asiyecheka. Akaomba nitolewe vitambaa. Alipoona, akageuka akasemezana na wenzake Kimatumbi, kisha akarudi kwetu kwa Kiswahili safi.

"Ugonjwa huu ni wa tangu lini?"

"Si ugonjwa," mama akasema.

"Basi ni nini? Kesho kijana wetu anaingia humu kumshika mkono mkewe. Anashika nini? Kama ni maradhi ya ngozi mngetuambia. Mkituficha, sisi sanduku letu tunalibeba tunarudi Kinjumbi."

Mwanangu, nilidhani jibu nalijua mimi peke yangu. Sentensi moja ingetosha. Nikafungua mdomo. Lakini Siwema alikuwa amekaa mbele yangu kwenye ncha ya mkeka, mikono yake ameiweka mapajani, ananitazama kwa huruma. Nikaona nikisema, atajua. Atajua niliitaka mikono yake mpaka nikaiba piko ya mjomba. Harusi kuvunjika niliweza kuistahimili. Siwema kujua sikuweza.

Nikafunga mdomo.

Bi Tatu akasema, "Ni hina yangu."

"Vipi hina yako?"

"Nimekosea kuichanganya. Tazama na vidole vyangu."

"Umri wote huu unapaka, leo ndiyo umekosea?"

"Leo ndiyo nimekosea, dada yangu. Mtoto hana maradhi. Ndoa na iendelee."

Bi Mwajuma akashika vile vidole, akaviangalia kimoja kimoja, akaridhika. Sanduku likafunguliwa, vigelegele vikapigwa. Kabla hajatoka akamwambia mama, tena mbele ya Bi Tatu, "Mwacheni bibi huyu apumzike. Msimpe tena watoto wa watu."

Ijumaa nikaolewa. Babu yenu aliingia akanishika mkono juu ya kitambaa, na wanawake wa mlangoni wakapata la kusema. "Bwana harusi, jihadhari! Mwenzio keshafungwa mikono, yuko tayari kwa ngumi!" Walicheka mpaka wakakaa chini. Babu yenu naye akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Mimi nilikuwa natazama mlangoni ni nani anayetazamwa, mimi au Siwema.

Siku ya kuondoka kwenda Kinjumbi, Bi Tatu alikuja kuniaga. Akasubiri wengine watoke, akaniwekea mapajani ile pakiti tupu ya piko.

"Nimekubebea hili kwa sababu ulikuwa mwali wangu," akasema. "Ungerudishwa ungeharibika jina, na wewe ndiyo kwanza unaanza maisha. Lakini usinione mjinga. Mwenzio ana yake na wewe una yako. Hukuitazama yako hata mara moja. Siku ukipata moyo wa kusema, sema. Mimi sitakuja kukuuliza."

Na kweli hakuuliza. Harusi zilizofuata pale Kivinje walimleta mpakaji kutoka Masoko. Bi Tatu akawa anachoma mihogo ya kuuza mbele ya nyumba yake, mtu aliyekuwa akifuatwa kwa heshima na wazazi wa mabibi harusi. Kila nilipokuja kusalimia nyumbani nilipita. "Shikamoo, somo." "Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?" Basi, yanaishia hapo. Ananifungia na mihogo ya njiani. Miaka ilikwenda hivyo, mpaka akafariki, na mimi sijasema. Kwenye msiba wake nilisikia mwanamke mmoja akiwaeleza wenzake, "Huyu ndiye aliyemuunguza bibi harusi." Nilikuwa nimekaa karibu naye, nagusana naye bega.

Utaniuliza kwa nini nasema leo. Kwa sababu mjukuu wangu Rehema anaolewa baada ya msimu wa korosho, na mjukuu wa Siwema aliolewa mwaka jana kule Lindi. Picha zake zimo kwenye simu za watu wote. Jukwaa limejaa maua meupe, sare ya rangi ya majani mabichi, bibi harusi kabadilisha nguo mara tatu. Mwezi uliopita Rehema aliniletea simu akaniambia, "Bibi, tazama walivyofanya. Sisi tufanyeje?" Na mimi, kizee, magoti hayanyanyuki, nikajibu haraka kabla hajamaliza, "Tuwazidi!"

Mtoto akaandika. Jukwaa kubwa zaidi. Nguo nne. Sare, akataka rangi ile ile ya majani mabichi ila kitambaa cha bei ya juu, ingawa rangi hiyo inamfanya aonekane mgonjwa, na mtu yeyote mwenye macho anaona. Nilipomwona anaandika, nikaona bakuli lile na mimi ninakoroga. Ila sasa siharibu mikono yangu, naharibu harusi ya mjukuu.

Nikamwambia afute, tuanze upya, na nakwambia na wewe tulivyoanza. Kwanza tarehe, na tarehe ifuate ndugu zako. Watu wetu wa bara wakiwa kwenye korosho hawaji, na wakija wanakuja wamechoka. Kisha rangi. Mpeleke bibi harusi dukani mchana, umwekee kitambaa shavuni nje juani, si kwenye taa ya duka, na macho yako mwenyewe yatakwambia. Rehema imemkaa zambarau iliyokolea. Sare mchague ambayo shangazi yako ataivaa tena Idi, siyo ya kukunjwa kabatini. Nguo ya bibi harusi moja ya ndoa na moja ya jioni inatosha, kila badiliko linakutoa kwa wageni wako saa nzima. Jukwaa liwe dogo, viti viwe vingi, wazee wapewe vya kuegemea na wawekwe mbali na spika. Mpishi mwambie idadi kamili ya watu, na wali uive mapema, mgeni mwenye njaa haoni maua. Mpiga picha umwandikie kwenye karatasi nani wapigwe, bibi zako wawe wa kwanza kabla hawajasinzia. Na simu, ukishaamua jambo, acha kutazama harusi za wengine. Kila ukitazama utatoa kitu chako utie cha mtu.

Hayo ya mapambo. Lililobaki ni hili. Hasidi wa harusi yako mara nyingi ni wewe mwenyewe. Na ukikosea kwa wivu wako, mtu asiye na kosa asikubebee. Sema siku hiyo hiyo, hata kama ndoa itasimama. Ndoa ikisimama inaweza kuendelea kesho. Jina la mtu likishaharibika halirudi hivyo; la Bi Tatu nimekawia kulisafisha mpaka mwenyewe kaondoka.

Na usidhani wivu wangu umekwisha. Siwema akipiga simu kila Idi, sauti yake bado nzuri kuliko yangu, na inanichoma. Lakini nimemwalika. Siku ya kumpaka Rehema hina atakaa mkekani mbele yangu, na binti yake Bi Tatu atakuwepo, na wanawake wa Kivinje wamejaa. Kabla bakuli halijafunuliwa nitasema kwa mdomo wangu: piko niliitia mimi, na niliitia kwa ajili ya mikono yako, Siwema. Nimeliandika kwanza hapa, mwanangu, na Rehema kashalisoma, ili siku ile nikitetemeka nisiwe na pa kurudi.

Mungu akupe harusi inayofanana na wewe. Akupe mume atakayekushika mkono ukiwa na pambo na ukiwa na kidonda. Akupe ndugu wa kukulisha, na moyo wa kula bila kinyongo. Na kila aliyekuhudumia siku yako, Mungu akuwezeshe kumtaja kwa jina lake na wema wake, angali anasikia. Amina.