Rupia Niliyoisugua

Habari hii nimeiandika mara mbili kwenye daftari, na mara zote mbili nimejikuta najitetea. Ngoja nijaribu ya tatu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafiga, elimu yangu darasa la saba. Nakusanya rupia za Mjerumani, zile za fedha zenye kichwa cha mfalme mwenye kofia ya tai. Watu wananicheka. Bibi yangu alikuwa nayo moja, akazikwa nayo, basi mimi natafuta za wenzake. Ninazo nne. Ya tano niliiona mtandaoni, kwenye kundi la wakusanya sarafu. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima wa Mgeta, mkulima wa kabichi, aliyeingia kundini kwa kusaidiwa na mwanawe. Picha ilikuwa na giza. Maelezo yalisema tu: "Nzima, ya bibi yangu."

Nikalipa, ikanifikia imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, nyeusi kama chungu. Hapo ndipo nilipofanya langu. Kwetu kitu cha fedha kikiingia ndani kinasuguliwa, majivu na limau, kama mama alivyotufundisha kusugua masufuria. Nikasugua mpaka mfalme akang'aa. Juu ya kofia yake kikatokea kidoa cha kijivu, kama punje ya mtama. Rupia ilikuwa imetobolewa, kisha tundu likazibwa kwa risasi, ile ya kuchomelea redio.

Nilichoka. Kwa sisi wakusanyaji, tundu lililozibwa ni kasoro ya kutajwa kabla mtu hajalipa. Ila sikumpigia kwanza, na namba yake nilikuwa nayo. Niliandika kundini, mbele ya wote: "Jihadharini na huyu mama. Anaziba matundu halafu anatuuzia."

Wakamshukia. "Tapeli wa kabichi," mmoja akaandika, wengine wakajaza vikatuni vya kucheka. Msimamizi wa kundi akaniuliza swali moja: "Dada, uliisafisha? Maana sarafu iliyosuguliwa hairudishwi."

Sheria hiyo nilikuwa naijua. Naijua, na bado nilisugua, mkono ukizoea kitu hausubiri kuambiwa. Nikajibu: "Hapana, sijaigusa."

Mama akaondolewa kundini siku hiyo hiyo. Hela yangu akairudisha bila ubishi, nami nikampa dereva wa lori la mboga ile rupia aipandishe Mgeta.

Kesho yake simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani nakusumbua. Nadhani umekosea mzigo, umeniletea ya mtu mwingine."

"Ni ile ile, mama."

"Aa, wapi! Yangu nyeusi. Hii imeoga." Akacheka kidogo. "Nitampa dereva, umrudishie mwenyewe asije akahangaika, halafu unitafutie yangu. Sina haraka."

Alikuwa anamhurumia mtu ambaye hayupo. Nikamuuliza habari ya tundu. Nadhani nilitaka nimkute na kosa kubwa, ili langu lipungue.

"Lile la uzi? Bibi alikuwa anaivaa shingoni. Nikampelekea fundi redio alizibe. Sasa utamuuzia mtu kitu kina tundu, mwanangu? Hata ndoo unaziba kwanza ndiyo unampa jirani."

Kumbe yeye alitengeneza kwa adabu, kama mimi nilivyosugua kwa mazoea. Ila yeye hakuna aliyemuuliza. Mimi niliulizwa, nikakana. Nikitaka kusema haki kwa pande zote, alipoandika "nzima" alikosea, na hilo moja ni lake. Yaliyobaki yote ni yangu.

"Mama," nikasema, "niliisugua mimi, kwa majivu. Halafu nikawaambia sijaigusa."

Upande wake nikasikia watu wanapakia kabichi, puu, puu.

"Ule weusi," akasema, "ulikuwa wa shingo ya bibi."

Nikamwambia nitaandika ukweli kundini, wamrudishe.

"Kama inakusaidia wewe, andika. Mimi huko sirudi. Mwanangu alinisomea yote, mpaka lile la kabichi." Kisha akauliza: "Weusi wenyewe unarudi?"

"Nadhani, mama. Ukiivaa."

"Niivae kwa tundu lipi?" Akakata simu.

Niliandika: nilisugua, nilidanganya, na huyu mama hakuwa tapeli. Msimamizi akanitoa kundini, na hapo sina la kulalamika. Kama kuna aliyeomba radhi baada ya hapo sijui. Na aliyestahili kuombwa hakuwepo asome.

Nikasuka uzi mweusi wa pamba, imara, nikampa dereva yule yule bila barua. Nilijiuliza kama ni zawadi au ni mimi tena najisafisha. Sina uhakika hata leo.

Jumanne dereva alisimama mlangoni kwangu. "Mama wa Mgeta anauliza, wewe ni fundi gani unakata bila kupima? Amehangaika kutoboa upya, anaivaa, uzi unamkaba."

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka. Nikamuuliza dereva shingo ya mama ikoje. Akaunganisha vidole vya mikono yake miwili kuwa duara. Nikachukua futi kamba, nikalipima hapo hapo, nikaongeza kidogo kwa ajili ya uzi mpya.