Mgombea Aliyepewa Alama ya Nyumba

Mtendaji wa kijiji chetu, upande wa Haneti, ameniomba niandike historia ya kijiji na wanasiasa wake wa kwanza, isomwe siku ya kufungua ofisi mpya. Amenichagua mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu na sasa, kwa maneno yake, nina muda. Ni kweli ninao. Ila mmoja wa wanasiasa hao ni marehemu baba yangu, na kazi niliyodhani ni ya siku mbili imenilia mwezi mzima.

Baba aligombea ubunge enzi za chama kimoja. Wagombea walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Yeye aliangukiwa na nyumba. Alizunguka vijijini kwa baiskeli akizungumzia maji na zahanati, wanawake wakampigia vigelegele, kisha akashindwa vibaya. Kijijini kwake ndiko alikoambulia kura chache kuliko kote. Hakugombea tena kitu. Hata ujumbe wa nyumba kumi aliukataa. Alilima mtama wake, akawa mpole kupita kiasi, upole ambao nilipokuwa kijana ulinikera sana. Mpaka anakufa aliamini kwamba watu wake walimkataa.

Wazee niliowahoji wamenipa sababu nyingine. Wakati ule sote tuliishi kwenye tembe, nyumba za paa la udongo, bapa, unaanika mtama juu yake. Nyumba ya kwenye karatasi ya kura ilikuwa na paa lililochongoka. Kijijini palikuwa na jengo moja tu la namna hiyo, lile walimofungiwa watu enzi za mkoloni. Mzee mmoja aliniambia waliitazama picha wakajiuliza kwa nini mtoto wao anataka kuwarudisha mle. Wakachagua jembe, roho zikiwauma.

Nilifurahi, nakiri. Niliandika ukurasa ule kwa pupa, nikaenda kumsomea mama, ambaye haoni vizuri siku hizi lakini masikio yake ni mazima. Nilidhani nampelekea faraja. Alikuwa akichambua mlenda. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie pale penye picha. Nikarudia.

Ndipo akanieleza. Wiki ile ya uchaguzi, wakiwa kwenye visima vya korongoni, wanawake wenzake walimuuliza kama ile ndiyo nyumba ya kufungia watu. Yeye alijua siyo. Baba alikuwa amemweleza vizuri kwamba ni alama tu. Lakini alikuwa na watoto wanne, mbunge angehamia Dar es Salaam, na alikwishamwona bwana mmoja wa kijiji jirani aliyepata cheo, akaenda mjini, akaoa huko.

"Sikusema ndiyo, sikusema hapana," alisema. "Nilijitwisha maji yangu nikaondoka. Walipoona mke wake mwenyewe amenyamaza, wakajua jibu wamepata."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia baba.

"Kila alipokuwa akiwaombea watu wa hapa, nilitaka kusema. Amekufa amewasamehe watu ambao hawakumkosea, mwanangu. Mimi niliyemkosea alinishukuru kwa chakula kila siku."

Nilimkasirikia. Nilikaa pale kwenye kigoda nikamkasirikia mama yangu mzee, mwenye ungo wa mlenda mapajani, kwa ajili ya miaka yote ile baba aliyotembea ameinamisha kichwa kijijini kwake. Hasira ilipopungua nilimwambia nitauacha ukurasa kama ulivyo, picha inatosha kuwa sababu, mengine tuyazike.

Akakataa.

"Andika na kisima," alisema. "Siku hiyo watakuwepo watoto wa wale wanawake. Wasikie kwamba mama zao hawakumkataa baba yako."

Nimeandika. Ofisi inafunguliwa Jumamosi, na mama ameagiza awekewe kiti mbele.