Yanayofuata si ya Somo

Baba mkwe wangu aliponipigia simu mara ya kwanza kuhusu kompyuta, aliuliza kwanza habari ya mvua ya Kitale, akauliza watoto, akauliza kama mahindi ya wazazi wangu yameota vizuri. Nikajua ana jambo.

"Mama," akasema, "fairi yangu imeenda wapi?" Faili, alimaanisha.

Alikuwa karani mstaafu na mzee wa kanisa huko Bumula. Wazee wenzake walikuwa wamempa kazi ya kuchapa upya majina ya watu wote waliobatizwa pale tangu kanisa lianze, kwa sababu mchwa walikuwa wameingia kwenye daftari za zamani. Mume wangu alimpelekea kompyuta yetu kuukuu. Mimi nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kitale, kwa hiyo kila mtu aliona kwamba kumfundisha ni kazi yangu.

Lakini ningemfundishaje? Kwao, mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe. Hata mkono hampi. Mimi nililelewa Trans-Nzoia na watu waliohamia huko kutoka upande wa kati ya nchi. Kwetu heshima ipo, ila haipimwi kwa hatua za sakafuni, na ilinichukua miaka kujua nikae kiti kipi katika sebule ile. Kwa simu pia haikuwezekana. "Kuna kitu kama dirisha imetokea," angesema, "sasa inaniuliza swali." Siku moja alinipigia mara sita nikiwa darasani.

Ndipo nikafikiria kumrekodia skrini. Nawafundisha wanafunzi wangu jambo hilo kila muhula: unafungua programu, unachagua skrini nzima au dirisha moja, unahakikisha maikrofoni iko wazi, unabonyeza kitufe chekundu, inahesabu tatu, mbili, moja. Baada ya hapo kila unachofanya na kila unachosema kinaingia. Yeye angetazama kwake, asimamishe, arudie apendavyo, bila mtu kumkaribia mtu. Nilijiona nina akili sana.

Nilirekodi mchana, wanafunzi wakiwa wameenda kula. Nilimweleza polepole namna ya kutengeneza jedwali: safu ya jina, safu ya wazazi, safu ya mwaka wa ubatizo. Nilimwita "Baba" kila baada ya sentensi mbili. Mwishoni nikamtakia kazi njema. Mwalimu mwenzangu akaingia na thamosi ya chai, nami nikageuza kiti bila kubonyeza chochote.

"Ni nani huyo unambembeleza hivyo?" akauliza.

"Ni baba mkwe. Bana, huyo mzee amenichosha. Mausi anaishika kama jembe." Kisha nikaigiza sauti yake, nzito, ya kusitasita. "Mama, fairi yangu imeenda wapi? Mama, hii forda inakataa kufunguka."

Mwenzangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilipoona amecheka, nikaongeza.

"Si angeacha tu mchwa wamalize hizo daftari? Ati majina ya ubatizo. Nani atayasoma?"

Mama yangu mzazi humwita rais "laisi" mpaka leo, na sijawahi kumwigiza mbele ya mtu.

Kengele ilipolia nilirudi mezani mbio, nikasimamisha rekodi, nikaihifadhi. Ilikuwa ya dakika kumi na tisa. Nilishangaa kidogo kwamba nimeeleza kwa kirefu hivyo, na mshangao ukaishia hapo. Wanafunzi wangu nawaambia kila mara wasitume rekodi kabla ya kuisikiliza yote. Mimi niliiweka kwenye flashi, na mume wangu, aliyekuwa na safari ya kikazi Bungoma, akaibeba.

Simu zikakoma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Nilifurahi. Nilimwambia hata mume wangu, "Unaona? Baba ameelewa."

Mwezi ulipokwisha tulikwenda Bumula kuwasalimu. Mama mkwe alinipokea kwa furaha kama kawaida. Baba aliitikia salamu yangu kutoka upande wake wa sebule, akauliza habari ya mvua. Mume wangu akatoka kuangalia ng'ombe aliyezaa, mama mkwe akarudi jikoni, akakataa nimsaidie.

"Kazi imeisha," Baba akasema. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. "Angalia kama kuna makosa."

Nikafungua. Ukurasa kwa ukurasa, majina yamepangwa, safu zimenyooka. Kando ya kompyuta kulikuwa na daftari la mazoezi. Ndani yake, kwa mwandiko wa karani, alikuwa ameandika somo langu lote kwa hatua: bonyeza hapa, chagua hapa, mwalimu anasema usiogope. Hatua ya mwisho ilikuwa na mstari chini yake. "Dakika ya kumi na moja. Hapa somo limekwisha. Yanayofuata si ya somo."

Nilisoma mara mbili. Dakika kumi na moja. Kumi na tisa. Kisha akilini nikaiona thamosi ya chai, nikamsikia mwenzangu akicheka.

"Mwandishi wa kikundi cha akina mama pia amejifunza na hiyo video," Baba akasema, akiangalia mlangoni. "Na katibu wa vijana. Mimi hukaa hapo karibu. Ikifika hapo naisimamisha."

Alikuwa amekaa akilinda jina langu mbele ya watu wa kanisa lake.

"Baba, nikikate hicho kipande?"

"Kama inakatika, kata."

Lakini kukata kunataka ujue pa kukata. Nilibonyeza, nikajisikia nikimtakia kazi njema, kisha mlio wa mlango. Nilitafuta pa kupunguza sauti, vidole vikakosa. Sebule nzima ikasikia jembe, ikasikia fairi, ikasikia mchwa. Baba alikaa viganja juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza matangazo ya ibada. Nilikata, nikahifadhi. Nilitaka kupiga magoti mbele yake, lakini hata hilo lingekuwa kumkaribia kupita kiasi. Nikasimama pale pale nilipokuwa.

"Baba, nimekosa. Nisamehe."

"Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya," akasema. "Nikarudisha. Nikarudisha tena." Akakohoa. "Hiyo ya fairi ni kweli, nasema hivyo. Ulimi ndio huu. Lakini majina, mama. Wengine wao walishakufa. Nikiyasoma nawaona."

Mama mkwe akaingia na maji ya kunawa, akasema kuku ameiva.

"Huyu wa jikoni hajui," Baba akaniambia baadaye uani, akipita mbali kidogo. "Na bwana yako hajui. Waache hivyo."

Nimewaacha hivyo, na sijui kama huko ni kumtii au ni woga wangu. Mezani siku hiyo nilipewa kipande kizuri kuliko cha mtu yeyote, nikakila.

Nilianza kumpigia mimi. "Niko sawa," angesema, na nilijua kuna mwalimu kijana wa Myanga anayemsaidia. Muhula ukapita, na mwingine. Kisha asubuhi moja simu ikaita, jina lake likatokea, nikatoka darasani kuipokea. Aliuliza mvua, akauliza watoto.

"Mama, uko na mtu hapo?"

"Niko peke yangu, Baba."

Akasubiri kidogo, kama anayesikiliza chumba. Halafu akaniuliza namna ya kukuza herufi, maana macho yameanza kumsumbua.