Bibi Ndani ya Deki

Juzi, kwenye duka la mitumba hapa ughaibuni, Thamesmead, niliona deki ya kaseti kama yetu, nikasikia tena harufu ya lehemu ya mchana ule wa utotoni.

Baba alikuwa ameifungua stereo yetu ya zamani, kubwa kama kabati la harusi, ili aondoe deki aweke ya CD. Mama alirudi kazini akaikuta deki kwenye mfuko wa taka.

"Umemtupa mama yangu?"

"Kaseti zake zipo, Mama Neema. Punguza kelele."

"Nitazisikilizia wapi, kwenye sufuria? Irudishe, au hiyo CD itatokea dirishani, nawe uifuate!"

Walifokeana mpaka nadhani hata Croydon, mbali huko, walisikia. Mimi nilizamisha kichwa kwenye ule mfuko wa taka nikimtafuta Bibi. Alikuwa ameshazikwa Tanga, lakini kila Jumapili Mama aliweka kaseti za salamu ambazo Bibi alituturekodia zamani, nami niliiamkia deki. Niliamini anaishi humo.

Baba aliirudisha kwa lehemu akitukana kila skrubu.

Tangu hapo nimesomea umeme shule ya usiku. Najua deki ni sumaku na mota tu. Lakini pale dukani mdomo ulinitangulia.

"Shikamoo, Bibi."